Waya wa Klachi Ukikatika, Usibadili Tu: Uliza Sababu

SOMO LA UFUNDI KWA WENYE PIKIPIKI NA MAGUTA

Katika vijiji vya Mbozi siku hizi mzigo mwingi haubebwi tena kichwani. Unabebwa na pikipiki, au na guta la magurudumu matatu lenye injini. Mahindi yanakwenda Mlowo kwa guta. Mbolea inatoka Vwawa kwa guta. Na kahawa mbivu inatoka shambani kwenda kwenye mtambo wa kumenya kwa guta hilo hilo.

Chombo hiki ni mali kubwa. Wengine wamekinunua kwa mkopo, wengine kwa fedha za kikundi. Kikisimama, fedha nazo zinasimama. Basi leo tujifunze ugonjwa mmoja unaosimamisha vyombo hivi mara kwa mara, yaani ugonjwa wa waya wa klachi. Tutajifunza namna ya kuutambua, namna ya kuutibu, na namna ya kuuzuia usirudi.

Tuanze na kisa.

NYAYA TATU KATIKA MSIMU MMOJA

Ilikuwa mwezi wa Julai, msimu wa kahawa. Mama mmoja wa kijiji kisicho mbali na Vwawa alikuwa na guta. Kijana wake ndiye dereva. Siku hiyo guta lilipakia magunia sita ya kahawa mbivu, iliyochumwa asubuhi.

Wakulima wa kahawa wanajua shida iliyopo hapa. Kahawa mbivu hutakiwa kumenywa siku ile ile ya kuchumwa. Ikilala ndani ya gunia hupata joto, huanza kuchacha, na ubora wake hushuka. Ubora ukishuka, bei nayo inashuka.

Katikati ya njia kijana akabana mkono wa klachi abadili gia. Mkono ukaja wote mpaka kwenye mpini, mlaini kabisa, kama hauna kitu. Gia ikakataa. Injini ikazimika. Guta likasimama na magunia yake juani.

Watu wakakusanyika. Mmoja akasema, "Hizo ni pleti zimekwisha. Fungueni injini." Mwingine akasema, "Springi zimevunjika. Mnunue klachi nzima." Mama akaanza kuhesabu moyoni: je, auze mbuzi? Au akope kwa mwenzake?

Kwa bahati alipita fundi mmoja mzee.

"Shikamoo Mzee," kijana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Limekuwaje?"

"Klachi, Mzee. Waya umekatika tena."

"Umesema tena?"

Mama akatoa daftari lake kwenye kikapu. Tangu ahitimu darasa la watu wazima, kila shilingi inayotumika kwenye guta anaiandika. Akasoma kwa sauti: "Tarehe 3 Juni, waya wa klachi mmoja. Tarehe 27 Juni, waya wa klachi mmoja. Na leo ni tarehe 19 Julai."

Mzee akatikisa kichwa. "Nyaya tatu kwa wiki saba? Basi mgonjwa si waya, mama. Waya ni maiti tu. Tumtafute anayeua."

Kijana alikuwa hajazitupa nyaya za zamani. Zilikuwa chini ya kiti pamoja na spana. Mzee akazilaza chini, moja kando ya nyingine, na ule wa leo wa tatu. Zote zilikuwa zimekatika mahali pamoja: shibiri moja kutoka kwenye kichwa cha juu.

Hapo tuwaache kidogo, ndugu msomaji. Kabla hatujajua muuaji ni nani, tujifunze klachi inavyofanya kazi.

KLACHI NI KITU GANI?

Weka viganja vyako viwili pamoja. Vibane sana. Sasa zungusha mkono wa kulia. Mkono wa kushoto nao unafuata, sivyo? Legeza viganja. Sasa mkono wa kulia unazunguka peke yake.

Hiyo ndiyo klachi. Kiganja cha kulia ni injini. Kiganja cha kushoto ni gia, ambazo hupeleka nguvu kwenye magurudumu. Ndani ya injini ya pikipiki kuna sahani kadhaa nyembamba za duara, zilizopangwa kama sahani za chakula kabatini. Mafundi huziita pleti. Springi zenye nguvu huzibana pamoja.

Kumbuka maneno haya mawili:

Usipobana mkono wa klachi, klachi imeshika. Nguvu ya injini inafika kwenye magurudumu.

Ukibana mkono wa klachi, klachi imeachia. Injini inazunguka, lakini nguvu haifiki kwenye magurudumu. Hapo ndipo unaweza kubadili gia bila kuzivunja meno.

Sasa je, nguvu ya vidole vyako inafikaje kwenye injini? Inapita kwenye waya. Huo ndio mpatanishi kati ya mkono wa dereva na sahani zilizo ndani.

WAYA NA GANDA LAKE

Tazama breki ya baiskeli ya waya. Utaona vitu viwili. Ndani kuna waya uliosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba za chuma. Nje kuna ganda gumu lililofunikwa kwa plastiki. Waya wa ndani unavutwa. Ganda la nje halitakiwi kusogea. Waya wa klachi umetengenezwa vivyo hivyo.

Kitu hiki ni cha zamani. Mtu aitwaye Ernest Bowden alipewa hati ya uvumbuzi wake huko Uingereza mwaka 1896. Mpaka leo waya wa namna hii unatumika kwenye baiskeli, pikipiki, bajaji na magari mengi.

Faida yake ni kwamba unaweza kupita kwenye kona. Kamba ya kawaida huvuta kwa mstari ulionyooka tu. Waya huu unaweza kupinda kutoka kwenye usukani, ukapita chini ya tangi, ukafika kwenye injini. Lakini kupinda kuna mpaka wake. Kona pana haina neno. Kona kali ni adui. Penye kona kali waya unasugua ganda kila unapobana mkono. Unasugua leo, unasugua kesho. Uzi mmoja unakatika, kisha wa pili, kisha wote.

Kila ncha ya waya ina kichwa kidogo cha madini, kama punje ya harage. Kichwa cha juu kinakaa kwenye mkono wa klachi. Kichwa cha chini kinakaa kwenye kikono kidogo kilicho nje ya injini. Ukibana, waya unavuta kikono, na kikono kinafungua sahani ndani.

DALILI ZA AINA MBILI

Klachi inaumwa kwa njia mbili. Usizichanganye, maana dawa zake zinapishana.

Ya kwanza: klachi haiachii. Umebana mkono lakini chombo bado kinataka kwenda. Gia zinalia au zinakataa kuingia. Ukiweka gia ya kwanza injini inazimika. Mara nyingi hapa waya umelegea mno, umekatika nyuzi, au umekatika wote.

Ya pili: klachi inateleza. Umeachia mkono, unaongeza moto, injini inanguruma, lakini chombo hakiongezi mwendo. Mlimani kinashindwa. Hapa huenda sahani zimekwisha. Lakini huenda pia waya umekazwa mno! Waya ukikazwa mno ni sawa na mtu anayebana klachi kidogo saa zote. Sahani hazishikani vizuri, zinasuguana, zinaungua. Wengi wamenunua sahani mpya, kisha wakaziunguza tena kwa sababu waya ulibaki umekazwa.

UKAGUZI: ANZA NJE, MALIZIA NDANI

Kanuni ya fundi mwema ni hii: anza na kilicho karibu, rahisi na cha bei ndogo. Injini iwe ya mwisho kufunguliwa. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

Kwanza, usalama. Simamisha chombo mahali tambarare, nje ya barabara. Zima injini, toa ufunguo. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Acha injini ipoe, kwa maana bomba la moshi huunguza.

1. Bana mkono wa klachi polepole. Je, ni mlaini kabisa? Waya umekatika au umechomoka. Je, ni mgumu sana? Waya umekauka, umeingia kutu, au umebanwa mahali. Je, unakwaruza? Nyuzi zimeanza kukatika.

2. Kagua ncha ya juu. Tazama kichwa cha waya kwenye mkono. Kinazunguka kidogo unapobana, au kimekwama? Kikikwama, waya unapindwa mahali pale pale kila siku, na utakatika hapo. Tazama kama kuna nyuzi zilizochomoza kama miiba.

3. Fuata waya kwa macho na kwa vidole, kutoka juu mpaka chini. Tafuta kona kali, ganda lililopasuka, mahali palipobanwa, na mahali unapogusa bomba la moshi.

4. Kagua ncha ya chini. Mwambie mwenzako abane mkono, nawe tazama kikono cha injini. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote. Isome mara mbili:

Kikono hakisogei kabisa, na mkono ni mlaini: waya umekatika au umechomoka. Huna haja ya kufungua injini.

Kikono hakisogei, na mkono ni mgumu: chomoa waya kwenye kikono. Uvute peke yake. Usipoteleza ndani ya ganda, ubovu ni wa waya. Ukiteleza vizuri, ubovu uko kwenye kikono chenyewe, labda kimeshika kutu.

Kikono kinasogea kidogo tu: waya umelegea, au ganda limechomoka mahali linapokaa. Rekebisha kwanza.

Kikono kinasogea vizuri, mchezo wa waya ni sahihi, na bado gia zinalia: hapo ndipo shida inaweza kuwa ndani. Sasa mwite fundi wa injini.

5. Pima mchezo. Mchezo ni ule ulegevu mdogo kabla waya haujaanza kuvuta. Kwa pikipiki nyingi, ncha ya mkono wa klachi hucheza milimita 10 hadi 20. Hiyo ni karibu upana wa kidole kimoja. Kama una kitabu cha chombo chako, fuata kipimo kilichoandikwa humo.

6. Zungusha usukani kulia mpaka mwisho. Pima mchezo tena. Zungusha kushoto mpaka mwisho. Pima tena. Mchezo usibadilike. Ukibadilika, basi waya unavutwa au unabanwa pale kwenye shingo ya usukani.

7. Uliza habari za oili. Kwenye pikipiki nyingi sahani za klachi huishi ndani ya oili ya injini. Oili isiyo ya pikipiki huweza kufanya klachi iteleze. Oili nzito mno huweza kuzuia sahani zisiachane.

MZEE ALIMKUTA MUUAJI

Sasa turudi kwa yule mama.

Mzee alipofika hatua ya sita, alimwambia kijana azungushe usukani kulia. Ganda la waya likajikunja ghafla, kama kiwiko. Mahali penyewe? Shibiri moja kutoka juu. Pale pale nyaya zote tatu zilipokatikia.

Kumbe ganda lilikuwa limepitishwa upande wa ndani wa bomba la fremu, kisha likafungwa kwa kamba ya plastiki. Kila usukani ulipogeuka kulia, bomba lilikandamiza ganda.

"Nani aliupitisha huku?" Mzee aliuliza.

"Mimi, Mzee," kijana alijibu. "Lakini nilifuata njia ile ile niliyoikuta tangu guta likiwa jipya."

Hilo ni jibu la kweli, na ndilo lenye mafundisho. Vyombo vingi vya namna hii hufika nchini vikiwa vipande ndani ya maboksi. Magurudumu peke yake, usukani peke yake, injini kwenye fremu. Mafundi huviunganisha hapa kabla ya kuuzwa. Fundi aliyeliunganisha guta lile alipitisha waya mahali pabaya. Kijana, kila alipobadili, aliiga kosa hilo kwa uaminifu mkubwa. Waya ulikuwa mpya, lakini kosa lilikuwa la zamani.

Wala jambo hili si la Mbozi tu. Huko Uingereza wapo watu wanaonunua gari zima likiwa vipande, wakaliunganisha wenyewe nyumbani. Moja linalojulikana sana ni Lotus Seven, lililoanza kuuzwa mwaka 1957. Mwenye gari la namna hiyo ndiye anayechagua waya upite wapi. Akichagua kona kali, au karibu na bomba la moto, waya wake unakatika kama wa guta la Vwawa. Chuma hakijui nchi.

NAMNA YA KUBADILI WAYA

Vifaa: spana mbili, koleo, bisibisi, oili kidogo, grisi, na waya mpya.

1. Linganisha waya mpya na wa zamani kabla ya kulipa dukani. Nenda na waya wa zamani mkononi. Urefu wa waya, urefu wa ganda na ukubwa wa vichwa vilingane. Waya mfupi utabana usukani ukigeuka.

2. Chora kwenye karatasi njia ya waya wa zamani. Kisha jiulize: njia hii ni nzuri? Kama ni nzuri, ifuate. Kama ndiyo iliyoua waya, ibadili.

3. Legeza nati za kurekebishia, ya juu kwenye usukani na ya chini karibu na injini. Zirudishe mpaka waya ulegee kabisa.

4. Kwenye nati ya juu kuna mfereji mdogo. Uelekeze sawasawa na mfereji wa mkono wa klachi. Waya utatoka kwa kupita humo. Kisha toa ncha ya chini.

5. Ning'iniza waya mpya. Dondoshea oili kwenye ncha ya juu ya ganda, matone machache machache, huku ukiusogeza waya, mpaka oili itokee chini. Paka grisi kwenye vichwa vyote viwili. Kama waya umeandikwa kuwa hauhitaji oili, fuata maandishi hayo.

6. Pitisha waya kwa kona pana. Usiguse bomba la moshi. Usibanwe na tangi, taa wala fremu. Ukiufunga kwa kamba, usikaze. Ganda lazima liweze kusogea kidogo usukani ukigeuka.

7. Ingiza ncha ya chini, kisha ya juu. Hakikisha ganda limekaa vizuri kwenye vikalio vyake.

8. Rekebisha mchezo mpaka ufike kipimo. Tumia nati ya chini kwa marekebisho makubwa, na ya juu kwa madogo. Kaza nati za kufungia. Bana mkono mara ishirini, kisha pima tena, kwa sababu waya mpya hujikaza kwenye vikalio.

9. Jaribu. Zungusha usukani pande zote mbili. Kisha washa injini ikiwa kwenye gia huru, bana klachi, weka gia ya kwanza, achia polepole. Fanya hivyo mahali pa wazi, bila mzigo na bila abiria.

Mzee na kijana walifanya kazi hiyo chini ya mti. Waya mpya ulikuwapo chini ya kiti, maana kijana alikuwa amejifunza kwa shida kubeba wa akiba. Mzee aliupitisha nje ya bomba la fremu, kwa kona pana. Jua lilikuwa bado halijatua guta lilipofika kwenye mtambo. Kahawa ikamenywa siku hiyo hiyo. Mbuzi akabaki zizini.

WAYA HUFA KWA SABABU GANI?

Ukibadili waya, usiutupe wa zamani kabla hujamsoma huyo shahidi. Tazama umekatika wapi.

Umekatika kwenye kichwa cha juu: kichwa hakizunguki, hakina grisi, au tundu la mkono limelika na kuwa na ncha kali.

Umekatika katikati, ndani ya ganda: kona kali, ganda limebanwa, au maji na kutu vimeingia.

Ganda limeyeyuka: waya unagusa bomba la moshi.

Umekatika kwenye ncha ya chini: waya haunyooki unapovuta kikono, au tope limejaa pale.

Tena kuna mazoea mabaya ya dereva. Wapo wanaopanda mlima na mzigo huku wamebana klachi nusu. Wapo wanaosimama mlimani kwa klachi badala ya breki. Wapo wanaosafiri na vidole vimeegemea mkono wa klachi. Mazoea haya yanachosha waya na kuunguza sahani. Na mzigo ukizidi kiasi, klachi ndiyo ya kwanza kulia.

UKIKATIKA UKIWA BARABARANI

Hapa naomba usome taratibu, kwa kuwa ni habari ya uhai.

Barabara kuu ya Tunduma kwenda Mbeya inapita Vwawa. Malori makubwa ya Zambia na Kongo yanapita hapo usiku na mchana. Guta lililozimika katikati ya lami ni hatari kwa dereva wake na kwa wengine.

Waya ukikatika ukiwa mwendoni, usiogope. Breki zako bado zipo. Achia moto. Shika breki kwa utaratibu. Elekea pembeni. Jaribu kuweka gia huru, ambayo madereva huiita nyutro. Ikikataa, injini itazimika chombo kikisimama, au uizime kwa ufunguo au kitufe. Chombo kitaruka kidogo. Shikilia usukani imara.

Ukiwa pembeni, weka mawe kwenye magurudumu. Weka alama ya pembetatu inayong'aa, mbali kidogo nyuma ya chombo. Shusha abiria, wakae mbali na barabara.

Usifunge fundo kwenye waya uliokatika. Fundo halipiti ndani ya ganda, na litafunguka wakati unalihitaji. Wapo madereva wanaoendesha bila klachi kwa kusukuma chombo na kuingiza gia kwa nguvu. Usifanye hivyo ukiwa na mzigo, wala kwenye mteremko, wala kwenye barabara kuu. Meno ya gia ni ghali kuliko waya, na maisha ni ghali kuliko gia.

Beba waya wa akiba. Ni mwepesi na haujazi nafasi.

DAFTARI NI SPANA PIA

Ndugu msomaji, fikiri jambo moja. Nani alimsaidia Mzee kujua kwamba mgonjwa si waya? Ni daftari la mama. Bila tarehe zile tatu, wangebadili waya wa tatu na kuondoka. Mwezi wa Agosti wangesimama tena njiani na magunia mengine.

Kusoma na kuandika si kwa barua na kura tu. Ni kwa chombo chako pia. Chukua daftari, piga mistari minne. Wa kwanza andika tarehe. Wa pili, kilichoharibika. Wa tatu, fedha iliyotumika. Wa nne, sababu yake. Usiache mstari wa nne ukiwa mtupu. Kama hujui sababu, bado hujamaliza kazi.

MANENO YA KUKUMBUKA

Klachi: sahani zinazounganisha na kutenganisha injini na gia.
Ganda: sehemu ya nje ya waya, isiyotakiwa kusogea wala kubanwa.
Kikono: mkono mdogo nje ya injini unaovutwa na waya.
Mchezo: ulegevu mdogo wa waya kabla haujaanza kuvuta.
Gia huru: hali ya injini kuzunguka bila kusukuma magurudumu.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Klachi "haiachii" na klachi "inateleza" ni magonjwa mawili. Eleza tofauti yake.
2. Kwa nini waya uliokazwa mno huweza kuunguza sahani?
3. Kijana alifuata njia ya zamani ya waya. Je, alikosea? Angejuaje kwamba njia ile ni mbaya?
4. Unabana mkono wa klachi, kikono cha injini hakisogei, na mkono ni mlaini. Utafungua injini? Kwa nini?
5. Kuna kitu gani nyumbani kwako au shambani kinachoharibika mara kwa mara, nawe unakibadili bila kuuliza sababu?

HESABU

Tuseme waya mmoja ni shilingi 7,000. Tuseme kila waya unapokatika guta hupoteza kazi ya shilingi 20,000 siku hiyo. Nyaya zimekatika mara tatu. Mama amepoteza shilingi ngapi jumla? Na kama angetafuta sababu mara ya kwanza, angeokoa shilingi ngapi?

Fanyeni hesabu hiyo pamoja. Kisha kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, geuza usukani kulia na kushoto, utazame waya wako unavyokaa. Ni kazi ya dakika moja.